Piano kuukuu zikitupwa, zirekodiwe kwanza

Leo naiweka PHP kando niongee kuhusu piano. Ndiyo, piano, zile kuukuu za mbao zilizopamba sebule za Marekani na Uingereza enzi za mababu zao. Siku hizi ukifungua matangazo ya huko utakuta nyingi zinatolewa bure: njoo na lori ubebe. Wapo waliozinunua wakiamini kuwa kitu cha kale hupanda bei tu. Hao siwalilii.

Kwanza hazikuwahi kuwa adimu. Mwaka 1909 pekee Marekani ilitengeneza zaidi ya 360,000. Halafu ndani mna nyuzi zaidi ya 200 zilizokazwa kwa nguvu ya karibu tani 20, na ubao unaoshika vigingi ukipasuka, gharama ya fundi inazidi bei ya piano yenyewe. Kinanda cha umeme hakihitaji fundi wa kukaza nyuzi, tena unavaa visikizi usiku na jirani analala.

Kisha kuna pembe, na hapo hadithi inafika kwetu. Vibonye vyeupe vya piano nyingi za karne ya 19 vilifunikwa kwa pembe za ndovu wa Afrika Mashariki, zilizobebwa mabegani na wapagazi, wengine watumwa, hadi pwani, zikapitia Zanzibar na kukatwa Connecticut. Mji mmoja huko unaitwa Ivoryton hadi leo! Uingereza ilipitisha sheria ya pembe mwaka 2018, wauzaji wa vitu vya kale wakaenda mahakamani kuipinga, wakashindwa. Tangu 2022 piano yenye pembe huuzwa tu ikiwa ilitengenezwa kabla ya 1975, pembe haifiki asilimia 20, na imesajiliwa. Eti inaua soko. Mimi naiunga mkono. "Ya zamani" ndiyo lebo rahisi kabisa ya kubandika kwenye pembe mpya, na Kenya haikuteketeza tani 105 mwaka 2016 kwa mzaha.

Kinachoniuma ni sauti. Kila piano ina yake, na ikienda jaani imekwenda. Salamander Grand Piano ni mfano mzuri: Yamaha C5 moja iliyorekodiwa kwa viwango 16 vya nguvu ya kidole, na yeyote anaipakua bure. Kweli, rekodi haishiki kila kitu, maana nyuzi za piano huamshana zenyewe kwa zenyewe. Lakini ni afadhali kuliko kuni.

Kazi yenyewe si kubwa: vipaza sauti viwili, kipakatalishi, chumba kimya. Piga vibonye 88, kila kimoja kwa upole, kwa wastani na kwa nguvu. Hifadhi kwa FLAC, ramani iandike kwa SFZ, ambayo ni maandishi matupu. Programu za leo zikifa, mtu ataisoma hata kwa Notepad. Weka leseni ya Creative Commons, pakia, kisha mwite mwenye lori.