Nafasi za kazi katika uuguzi wa wagonjwa mahututi
Uuguzi wa wagonjwa mahututi ni tawi la uuguzi linalohudumia watu ambao viungo vyao muhimu, kama mapafu, moyo au figo, vimeshindwa kufanya kazi bila msaada. Muuguzi wa fani hii husimamia mashine ya kupumulia, hufuatilia mapigo ya moyo na shinikizo la damu, hurekebisha dawa zinazopitia mshipani na huitambua hatari mapema. Ndiyo maana mgonjwa aliye kwenye mashine hustahili muuguzi wake peke yake, usiku na mchana. Nchini Kenya, muuguzi aliyesajiliwa anaweza kujiendeleza kwa stashahada ya juu ya fani hii katika Chuo cha Mafunzo ya Tiba cha Kenya (KMTC). Nchini Tanzania, Chuo Kikuu cha Muhimbili hutoa shahada ya uzamili katika fani hiyo. Mhitimu hupata kazi katika hospitali za rufaa, vitengo vya dharura, huduma za kusafisha damu, ndege za kubebea wagonjwa au ualimu. Janga la Uviko-19 lilithibitisha kwamba mashine haiokoi mtu bila mikono yenye ujuzi. Serikali zinaponunua vitanda na mitambo, ziwasomeshe, ziwaajiri na ziwalipe ipasavyo wauguzi hawa.