Siku ya Kuvunja

Msichana akibaleghe, Pwani tunasema amevunja ungo. Shaabani ikielekea ukingoni, majirani hukusanyika wakala wakashiba kabla ya mfungo, tukasema wanavunja jungu. Na mzunguko wa kikoba, kikundi cha kuweka na kukopa, ukitimia, akina mama wa Kibiti huambiana, “Jumamosi tunavunja,” na nyuso zao zimechangamka. Kitenzi tunachokitumia kwa kikombe kilichoanguka kina maana nyingine kwetu: jambo limefika mahali pake, watu wamekaa, limekamilishwa mbele ya macho yao.

Toleo hili linahusu vikundi vinavyokwisha, nami nataka kushikilia tofauti moja. Kuna kikundi kilichovunjwa na kuna kikundi kilichokufa. Cha kwanza huwaachilia watu wake. Cha pili huendelea kuwashika.

Aliyewahi kukaa katika duara la kuvunja anaijua kazi yake. Wiki kadhaa kabla, mikopo mipya husimamishwa na ya zamani hukusanywa. Siku yenyewe sanduku huletwa, na washika funguo watatu, ambao mzunguko mzima hawakulilaza sanduku majumbani mwao, hufungua kufuli mmoja baada ya mwingine. Fedha humwagwa mkekani, zikahesabiwa kwa sauti. Jumla hugawanywa kwa hisa zote, na kila mtu hupokea kwa kadiri ya mihuri iliyo katika daftari lake. Mwenye deni hukatwa hapo hapo, mbele ya wenzake, na aibu ikaishia hapo. Sanduku likishakuwa tupu, swali huulizwa: nani anaendelea? Anayetaka kuondoka huondoka, wala haitwi msaliti. Kwangu mimi hilo lina thamani kuliko gawio lenyewe. Mtindo huu ulianzia kwa wanawake wa Maradi, Niger, mwaka 1991, na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 imeviweka vikundi vya aina hii katika daraja la nne. Lakini ulipofika kwetu ulikuta lugha iliyokwisha kuujua.

Sasa tushuke bondeni. Baada ya mafuriko makubwa ya 1968, serikali iliwahamisha watu wa bonde la Rufiji kwenda katika vijiji vipya vya juu, katika operesheni iliyotangulia zile kubwa za vijiji za miaka ya 1970. Hofu ya maji ilikuwa ya kweli. Lakini watu wa bondeni walikuwa na mapatano yao na mto: maji yaliyoharibu ndiyo yaliyoacha matope ya rutuba, na yakishuka ndipo hupandwa mazao ya mlau. Nyumba zikahamishwa, mashamba yakabaki. Huko ndiko yaliko yale madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo mashambani. Msimu ukifika familia hushuka, hukaa huko kulinda mpunga dhidi ya ndege na nguruwe, kisha hupanda tena juu. Kijiji cha zamani kilifutwa katika daftari la serikali, ila hakuna aliyekivunja, nacho kikawa kinafufuka kila msimu.

Ushirika nao ulifutwa bila kuvunjwa: Mei 1976 vyama vikuu vya ushirika nchi nzima vilifutwa kwa amri, mazao yakakabidhiwa mamlaka za mazao. Sheria ya 1982 ikavirudisha. Mkulima wa korosho akaambiwa arudi kwenye jina lile lile ambalo hakupata nafasi ya kuagana nalo. Naamini sehemu ya mashaka yake juu ya chama imeanzia hapo.

Kisha ipo miaka ambayo Kibiti huitamka kwa sauti ya chini. Kati ya 2015 na 2017 viongozi wa vijiji na askari polisi waliuawa Kibiti, Rufiji na Mkuranga. Wapo pia watu waliotoweka, na zipo familia ambazo hazijapewa habari zao. Matanga yataanuliwaje kama hayakuwekwa? Mke aanze lini kuhesabu eda, miezi minne na siku kumi, naye hajaambiwa kuwa ni mjane? Nyumba ni kikundi kidogo kuliko vyote, na nyumba kama hiyo haiwezi kuvunjwa wala kuendelea. Sithubutu kumwambia mtu wa nyumba hiyo aachilie. Anadai habari kwanza, na deni hilo bado liko wazi.

Aprili 2024 maji yalifurika tena Rufiji na Kibiti, na shauri la kuhamia juu likarudi. Huenda ni shauri jema. Ninachoomba ni kikao kabla ya lori, na kwa watu wa delta, kabla ya boti. Jeneza la msikiti litakwenda na nani? Masufuria ya shughuli, yaliyonunuliwa kwa michango ya watu ambao wengine wamezikwa huko huko, yatagawanywa vipi? Nani atashuka kufyeka makaburini? Deni la dukani la mwaka jana litalipwa katika kijiji kipi? Haya yote yanahesabika. Akina mama wa kikoba wamehesabu magumu kuliko haya, mkekani, kwa sauti, kufuli zote tatu zikiwa wazi.