Mwacheni Binti na Gauni Lake

Hotuba hii mmeisikia: eti binti akivaa gauni la Elsa au la Cinderella, basi tumeshampoteza, atakua akisubiri mwanamume aje kumwokoa. Nakiri, hotuba hiyo nimeitoa hata mimi. Binti wa dada yangu alinijia mbio na gauni lake la buluu, nikamwambia akalivue tusome kitabu. Akalivua, akalikunja vizuri, akaja kukaa kimya. Kitabu chenyewe hakukisikiliza.

Leo nasema tulikosea, kwa sababu filamu zenyewe hatukuzitazama.

Chukua Cinderella ya mwaka 1950. Panya na ndege wanamtengenezea msichana gauni, wakitumia shanga na mshipi waliovitupa dada zake wa kambo. Dada hao wakivitambua vitu vyao, wanalirarua gauni mwilini mwake. Hapo ndipo mtoto anaposhika roho, wala si kwa mwanamfalme, ambaye filamu haimpi hata jina. Kisa ni cha mtu aliyenyimwa kupendeza. Sasa jamani, sisi wenye hotuba tumekaa upande wa nani pale?

Na Elsa wa Frozen (2013)? Anajitengenezea gauni la barafu mwenyewe, akiwa peke yake mlimani. Mchumba hana, mwanzo hadi mwisho. Na gauni hilo ndilo watoto wanaloliaLilia madukani.

Wengine watasema yote haya ni biashara tu. Ni biashara, sikatai. Lakini nani alianza? Andy Mooney, aliyekuwa mkuu wa bidhaa za Disney, amesimulia alivyokwenda kwenye onyesho la barafuni huko Phoenix, Marekani, karibu na mwaka 2000. Akakuta wasichana wamevaa magauni ya kifalme ya kujitengenezea, si bidhaa za Disney. Baada ya hapo ndipo magauni hayo yakaanza kuuzwa kwa jina la Disney Princess. Watoto walitangulia, kampuni ikafuata na bei zake.

Mnataka ugomvi? Ugomvi upo. Snow White alitoka 1937. Tiana, binti mfalme wa kwanza Mweusi wa Disney, alikuja 2009. Miaka 72 nzima, mtoto mweusi akitaka kuwa binti mfalme wa Disney, hakuna hata mmoja aliyefanana naye. Mbona hilo halitolewi hotuba? Ni rahisi zaidi kumvua mtoto wa miaka sita gauni kuliko kuwauliza watu wazima walikuwa wapi.

Wiki iliyopita nilimwambia yule mpwa wangu alivae tena gauni lake. Akalivaa, likambana kwapani. Amekua. Sasa natafuta fundi cherehani wa kuliongeza.