Bosi wa kukagua kila nukta

Makamanda, kuna aina ya bosi tunayemsifu bila kufikiri: yule asiyevumilia kosa hata dogo. "Yuko makini sana," tunasema. Mimi nauliza tu, chini yake kuna mtu aliyewahi kubuni kitu?

Sisi wa Tabora jibu tunalo pale Kwihara, nje kidogo ya mji. Oktoba 1873 kina Susi na Chuma walifika pale wakiwa na maiti ya Livingstone, aliyefia kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo. Walikuwa watumishi na wapagazi, na bosi wao ndiye huyo waliyembeba. Bila kuagizwa na mtu walikuwa wameukausha mwili kwa chumvi na jua, na Jacob Wainwright ameorodhesha mali zote za marehemu. Kwihara wakamkuta Luteni Cameron, Mwingereza. Akawashauri wazike hapohapo, njia ya mbele ni ya hatari. Ushauri wa mtu makini kabisa. Wakakataa.

Mbele kidogo wakasikia wenyeji hawataki maiti ipite kwao. Wakafunga mabua yafanane na maiti, wakatuma watu wayarudishe Unyanyembe kana kwamba wanakwenda kuzika. Mwili wenyewe wakaufunga upya kama robota la nguo. Februari 1874 wakaingia Bagamoyo. Hebu fikiria wangekuwa wanaomba kibali cha kila fundo la kamba!

Sisemi kazi iwe ovyo. Wale walikuwa wakali kuhusu lengo, ila njia waliamua wenyewe. Bosi wa ukamilifu anakagua njia hadi lengo linasahaulika, na mfanyakazi anabaki na ujuzi mmoja tu: kukisia bosi anataka nini. Hata Kanuni za Utendaji Bora (Tangazo la Serikali Na. 42 la 2007) zinataka mwenye utendaji duni apewe maelekezo na nafasi ya kujirekebisha kabla ya kufukuzwa. Yaani sheria yenyewe inajua watu hujifunza wakiwa kazini.

Sasa tujiangalie na sisi. Tunailaumu serikali kwa kutaka kudhibiti kila neno, halafu bango la vijana linarudishwa mara nne kisa rangi, mpaka mkutano unapita. Viongozi wetu wakague mambo mawili: ni kweli? Ni halali? Rangi na maneno ya mtaani watuachie.