Shikamoo Peke Yake Haitoshi

Katika ofisi nyingi za umma na katika shule zilizo nyingi nchini Tanzania, kijana huhesabiwa kuwa na adabu njema kwa kutamka neno moja tu. Hutamka "Shikamoo", hupokea "Marahaba", kisha hupita. Wakubwa huridhika, naye kijana huona kwamba amekwisha kutimiza wajibu wake kwa kizazi kilichomtangulia. Adabu ya namna hii haistahili sifa inazopewa. Ni adabu ya kupishana njiani, na nyuma yake mara nyingi hujificha kutojali.

Wako wanaoutetea umbali huo kwa jina la mila. Hudai kwamba kwa desturi za Kiafrika kijana hakai na mzee, hamtanii wala hambishii. Madai hayo hayana msingi. Katika makabila mengi ya nchi hii babu na mjukuu ni watani. Bibi humwita mjukuu wake wa kiume "mume wangu", naye mjukuu humcheka bibi kwa meno yaliyong'oka, na hapana anayekasirika. Utani huo haukuwa mchezo mtupu. Ulimpa mtoto ruhusa ya kumwuliza babu jambo ambalo asingethubutu kumwuliza baba. Basi wanaoigeuza heshima kuwa ukuta wasiwasingizie mababu.

Wala historia ya kupigania uhuru haiwaungi mkono. Mwaka 1953, Julius Nyerere alipochaguliwa kuwa Rais wa TAA, alikuwa mwalimu wa Pugu mwenye umri wa miaka 31. Shahada ya Edinburgh alikuwa nayo; wenyeji wa Dar es Salaam hakuwa nao. Walioujaza upungufu huo ni watu waliomzidi umri, akina John Rupia, na wazee waliokuja kuunda Baraza la Wazee la TANU chini ya Sheikh Suleiman Takadir baada ya chama kuzaliwa tarehe 7 Julai 1954. Msomi huyo hakuwaendea kuwapa shikamoo na kuondoka. Alikaa nao, akasikiliza, akabishana nao. Urafiki huo haukuwa wa asali siku zote, kwani mwaka 1958 Sheikh Takadir na chama walifarakana. Hata hivyo, Novemba 1985, alipokuwa akiondoka madarakani, Mwalimu aliwaita tena Wazee wa Dar es Salaam katika ukumbi wa Diamond Jubilee ili awaage.

Leo kijana aliyehitimu chuo hupangiwa shule ya kijijini, akafika na cheti chake, akapanga chumba, akajifungia na simu yake. Siku mgogoro wa mpaka wa kiwanja cha shule unapozuka, hutafutwa faili, na faili halipo. Kumbe nyumba ya tatu kutoka shuleni anaishi mzee aliyehamia hapo wakati wa Operesheni Vijiji, yeye mwenyewe akapanda minyaa ya mpaka ule kwa mikono yake. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1974 sasa amevuka 70. Hapana waraka wa Wizara utakaomrudisha mzee huyo akishazikwa.

Lakini hasara ya kiwanja ni ndogo. Katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, kwa miaka mingi, vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa kushukiwa uchawi, na macho mekundu yamehesabiwa kuwa ushahidi. Macho hayo ni kazi ya moshi. Mama aliyepika miaka 50 katika jiko lisilo na dirisha, kwa kuni na kwa kinyesi kikavu cha ng'ombe, atakuwa na macho ya namna gani? Mtoto aliyekaa jikoni kwake, akachochea moto naye akatokwa machozi kwa moshi uleule, hahitaji semina ili alijue hilo. Anayemjua kwa mbali tu, kama kiumbe wa kuamkiwa na kuogopwa, huamini lolote aambiwalo na mganga. Ni kweli kwamba muuaji wa kukodiwa hazuiwi na urafiki, na kwamba nyuma ya mapanga mara nyingi pana ugomvi wa shamba au urithi. Hata hivyo, mauaji hayo yamestawi kwa sababu kijiji kilikaa kimya, na kijiji hukaa kimya kwa urahisi zaidi pale anayeuawa hana rafiki kijana wa kupiga yowe.

Yafaa ieleweke pia kwamba wazee wenyewe hawana usafi wote katika jambo hili. Wako ambao kwao kijana ni wa kutumwa sigara tu. Akiuliza swali huambiwa ana kiburi; akitoa wazo huulizwa alizaliwa lini. Mtumishi wa namna hiyo hufika umri wa kustaafu akiwa ameficha kichwani utaratibu mzima wa kazi, akidhani kuuficha kunampa thamani. Huagwa kwa soda na hotuba, na juma linalofuata ofisi nzima huhangaika kutafuta kumbukumbu ambayo yeye angeionyesha kwa kidole. Asilalamike kwamba hapana anayemtembelea.

Wakuu wa shule na wa idara hupenda kumwalika mzee siku ya mahafali, akakaa meza kuu, akapigiwa makofi, akarudishwa kwake kabla ya jua kutua. Ualikwa huo haugharimu kitu, wala haufundishi kitu. Mwalimu kijana anayetaka zaidi hana haja ya kusubiri kibali cha mtu. Jioni wazee huwa chini ya mwembe wakicheza bao, na bao halichezwi na mtu mmoja.