Gemu la Kutisha Usiku wa Hina: Mwacheni Bi Harusi



Mfunguo Mosi umeingia, harusi zimefululiza, na pamoja na hina, piko na udi kimezuka kitu kingine katika usiku wa kuamkia nikaha. Mashine ya gemu ya Wii, ile ya zamani iliyoletwa na jamaa kutoka Maskati au Dubai, inachomekwa kwenye televisheni ya sebuleni. Taa zinazimwa. Bi harusi anakabidhiwa rimoti na kuambiwa aingie kwenye nyumba ya mizimu, na mashoga zake wanakaa nyuma yake, kila mmoja na simu mkononi. Akipiga ukelele, ameshanaswa. Kabla ya adhana ya alfajiri vidio imeshafika kwenye grupu la mawifi.

Sisi tunasema mchezo huu uachwe, na sababu zetu si zile mnazozisikia kwa wengine.

Wako wanaosema gemu la kutisha linaita mashetani ndani ya nyumba. Tunawaheshimu wakubwa zetu, lakini hapa hatuko pamoja. Rimoti ya Wii ina kifaa kidogo ndani kinachohisi mkono unavyotikisika, na mbele ina kamera ndogo inayoziona taa za kile kifimbo kinachowekwa juu ya televisheni. Kwa hivyo ukiinua mkono, tochi ya kwenye gemu nayo inainuka. Ni betri mbili na umeme. Majini wapo, tunawaamini, na iko sura nzima ya Qur'ani yenye jina lao, lakini hawaishi kwenye rimoti. Sisi watu wa visiwa hivi tunajua hofu inavyoweza kuwakimbiza watu bila ya mashine yoyote: mwaka 1995, kwa habari za Popobawa, watu wa Pemba na Unguja walilala nje ya nyumba zao, wakikaa kundi kundi usiku kucha. Nani alikuwa na gemu siku hizo?

Wala hatusemi mwanamke wa Kiislamu asicheze. Bi Aisha (r.a.) alishindana mbio na Mtume (s.a.w.), na akawatazama Wahabeshi wakicheza na mikuki yao msikitini siku ya Idi, Mtume akimsitiri kwa shuka lake. Mashine hiyo hiyo ya Wii, ilipotoka mwaka 2006, katika nchi nyingi iliuzwa pamoja na gemu la tenisi na la kuangusha pini. Hayo tunayapenda sana, na wako bibi zetu wanaotushinda.

Sasa tuzungumze na nyinyi mnaocheka.

Imepokewa na Abu Daud kwamba Masahaba walikuwa safarini na Mtume (s.a.w.), mmoja wao akalala, mwenzake akaenda akaichukua kamba aliyokuwa nayo, na yule mtu akafazaika. Hakupigwa, hakuibiwa, ilikuwa kamba tu. Hata hivyo Mtume akasema si halali kwa Muislamu kumtisha Muislamu mwenzake. Hadithi hii tunaisoma madrasa tukiwa wadogo, kisha tunaisahau mara tu mtu mwengine anapotuchekesha kwa kupiga yowe.

Gemu linalopendwa kwenye usiku huo ni Ju-On: The Grudge, lililotoka Japani mwaka 2009 na kutengenezwa kutokana na filamu za mtengenezaji Takashi Shimizu. Ukilitazama lilivyoundwa utaona linafaa mno kwa kudhalilisha mtu. Mchezaji hana silaha. Ana tochi tu, nayo ndiyo rimoti aliyoishika. Anaanza kama binti anayemtafuta mbwa wake ndani ya kiwanda kilichoachwa, anatembea polepole gizani akiokota betri, maana tochi ikizimika kabisa, mzimu unakuja na mchezo umekwisha. Na mtu wa pili akishika rimoti nyengine, anaweza kubonyeza kitufe na kumtumia yule wa kwanza kitu cha kumshitua, wakati wowote anaotaka. Yaani shoga yako amekaa kwenye zulia nyuma yako, anangoja uanze kupumua vizuri, ndipo abonyeze. Jambo alilokataza Mtume (s.a.w.) hapa limewekewa kitufe.

Halafu mwisho linakutolea hukumu. Rimoti imekuwa ikihesabu mkono wako ulivyotetemeka, na sasa gemu linakupima wewe ni mwoga kiasi gani. Ukumbi mzima unasoma. Bi harusi ambaye kesho atatoka kwa mama yake, ambaye siku kadhaa hajalala vizuri, mkono wake utaacha vipi kutetemeka? Ungetetemeka hata ukimpa kikombe cha chai.

Na tusisahau kwamba gemu la aina hii halichezwi kwa kidole. Mwili wote unacheza. Anaruka, anarudi nyuma, anamwangukia dada yake, kanga inafunguka, nywele zinamwagika, dera linapanda. Baina ya wanawake peke yao hilo halina neno, ndiyo maana tuliwafungia wanaume nje. Lakini simu haina jinsia. Picha iliyonaswa na mwanamke itatazamwa na kaka yake, na dereva wake, na rafiki wa dereva. Tunamjua bi harusi mmoja, hatumtaji wala hatuutaji mtaa wake, ambaye vidio yake ya ukelele ilimtangulia kwa mavyaa. Siku ya kwanza mezani shemeji alimwigizia sauti yake. Watu walicheka. Yeye alicheka pia, afanye nini? Akatwambia tangu siku ile akiingia chumba chenye watu wa mumewe anahisi wamemwona bila ya nguo.

(Na hina! Nani ampe mtu rimoti akiwa na hina mbichi kiganjani? Mpambaji amekaa masaa matatu anachora, nyinyi mnakuja kuifuta kwa dakika tano kwa sababu ya mzimu wa Japani.)

Lakini liko jambo linalotuuma zaidi ya vidio. Mnamjua yule mwanamke anayetambaa kwenye ngazi, nywele zimemfunika uso, sauti inamkoroma kooni? Jina lake katika hadithi ni Kayako. Alikuwa mke wa mtu. Mumewe alisoma daftari lake, akagundua kwamba moyo wake ulikuwa kwa mwanamme mwengine, akamuua humo humo ndani ya nyumba yao, na mtoto wao mdogo naye hakusalimika. Nyumba ile ikabaki na ghadhabu ile, na kila anayeingia anakutana nayo. Hiyo ndiyo hadithi ambayo bi harusi anaingizwa ndani yake, na tochi mkononi, usiku wa mwisho kabla ya kuingia nyumba ya mume. Na hakuna hata mmoja sebuleni anayemtaja mume. Kila mtu anamwogopa mke aliyekufa.

Hapa ndipo ugomvi wetu na wakubwa ulipo, si kwenye majini. Bi harusi anafundishwa na somo wake jinsi ya kufukiza udi, kupanga kitanda, kupika, kusema na kunyamaza. Akiuliza, "Na akikasirika je?", anajibiwa neno moja: vumilia. Subira ni katika dini, hilo hatulipingi. Lakini Fatima bint Qays alipokwenda kwa Mtume (s.a.w.) kumuuliza kuhusu wanaume waliomposa, hakuambiwa avumilie. Katika Sahih Muslim tunasoma kwamba alimweleza wazi: Abu Jahm ni mtu asiyeiweka chini fimbo yake, na Muawiya ni fakiri asiye na mali. Kisha akamshauri aolewe na Usama. Mtume alimtajia mwanamke tabia ya mposaji ya kupiga, kabla ya nikaha, kwa jina la mposaji. Sisi tunaona aibu hata kuuliza, halafu tunalipia umeme wa kuangalia mzimu wa mke aliyeuliwa na mumewe.

Na msituambie kwamba Mtume aliruhusu mke apigwe hivi hivi. Bi Aisha (r.a.) ameeleza kwamba hakuwahi kumpiga mwanamke kwa mkono wake, wala mtumishi.

Kwa hivyo, mashoga wa bi harusi, kama mnataka kumtoa hofu, mtoeni ile iliyomo ndani yake kweli. Zimeni televisheni, mwacheni aseme. Wako mabinti wanaoogopa usiku wa kwanza, wako wanaoogopa mavyaa, wako ambao wamemsikia mchumba akimfokea mdogo wake kwenye simu na hawajui wamwambie nani. Usiku wa hina ni wa kusema maneno hayo, maana ndio usiku wa mwisho ambao watu wote waliomo chumbani ni wake. Na bibi somo, tafadhali, muulize kuhusu mikono ya huyo kijana. Akikasirika anafanya nini nayo? Amewahi kumwona? Kama jibu linatia shaka, baba na kaka zake waambiwe usiku ule ule, ukumbi ukiwa umelipiwa au haujalipiwa.

Anayependa gemu la kutisha na alicheze kwao, mchana, kwa hiari yake. Mwenye nyumba aweke kapu mlangoni, simu ziingie humo na zitoke watu wakiondoka.

Na wewe bi harusi wa wiki hii, ukiona mtu amekuja na mashine ndani ya mfuko, unayo ruhusa ya kukataa, na wala huhitaji kueleza lolote. Inua viganja vyako uwaoneshe: hina haijakauka.