Lweba na Makobola: wafu wa barabara moja

Barabara ya taifa namba 5 inatoka Uvira na kufuata Ziwa Tanganyika kuelekea Baraka na Fizi. Msafiri anapita Makobola kwanza. Akiendelea, kwenye kilomita ya 78 hivi kutoka Uvira, anafika Lweba. Ni barabara moja, ziwa moja, ndagala zile zile zimeanikwa pembeni. Lakini kila kijiji kina wafu wake, na watu wanaolia wafu wa Makobola mara nyingi sio wanaolia wafu wa Lweba.

Tarehe 29 Septemba 2026 itakuwa miaka 30 tangu mauaji ya Lweba. Tarehe 30 Desemba itakuwa miaka 28 tangu yale ya Makobola. Tunaandika mapema, kwa sababu makanisa yetu ya pwani ya ziwa yana miezi michache ya kuamua yatafanya nini siku hizo mbili, na kutoamua ni uamuzi pia.

Tuseme mambo yalivyo. Ripoti ya Mapping, iliyotolewa na Umoja wa Mataifa tarehe 1 Oktoba 2010, imeandika matukio 617 ya jeuri kubwa nchini mwetu kati ya Machi 1993 na Juni 2003. Lweba imo, imeandikwa Lueba. Inasema kwamba wanamgambo wa Kibembe, wakisaidiwa na askari wa FAZ, jeshi la Zaire la wakati ule, waliua raia 152 wa Banyamulenge, wengi wao wanawake na watoto. Kuna waliouawa kwa panga. Kuna walioteketea ndani ya nyumba iliyochomwa moto. Ripoti hiyo hiyo inasema kwamba mwisho wa Desemba 1998 na mwanzo wa Januari 1999, askari wa RCD pamoja na washirika wao wa jeshi la Rwanda na la Burundi waliua raia zaidi ya 800 Makobola na vijiji vya jirani, kulipiza shambulio la Mai-Mai. Huko pia watoto, wazee, akina mama.

Msomaji Mbembe anayesoma hesabu ya kwanza anajiuliza kwa nini tumeanza nayo. Msomaji Munyamulenge anayesoma ya pili anaogopa kwamba tunataka kuifunika ya kwanza kwa ukubwa wa ya pili. Tumeanza na Lweba kwa sababu ilitangulia kwa tarehe, basi. Lakini kwamba maswali hayo yanakuja haraka namna hiyo, hata kwa watu wa sala, kunaonyesha vita vimekaa wapi. Havijakaa msituni tu na wenye bunduki. Vimekaa katika namna tunavyosikia hesabu.

Watoto wetu waliozaliwa baadaye wanaelezwa kwamba chuki hii ni ya tangu na tangu. Si kweli. Ugomvi wa malisho na mashamba ulikuwepo, na vita vya Mulele vya 1964 na 1965 viliacha damu kati ya milima na ziwa, kwa kuwa Wabembe wengi walikuwa upande wa waasi na Banyamulenge wakaishia upande wa jeshi. Wazee wanakumbuka. Hata hivyo, kilichofanya jirani amkamate jirani mwaka 1996 kilikuja pia kutoka ofisini. Aprili 1995 bunge la mpito la Kinshasa lilipitisha azimio la kuwahesabu watu hawa kama wageni wanaopaswa kurudishwa. Wakati huo Wahutu wa Rwanda na Burundi walikuwa wamejaa kambi za Kivu, na wapiganaji walianza kuingia kutoka Rwanda kupitia Burundi, kati yao vijana Banyamulenge. Hofu ilikuwa na sababu. Lakini kati ya kumwogopa mwenye silaha na kumfungia mama na watoto wake ndani ya nyumba kuna hatua ndefu, na aliyewasaidia watu kuipiga hatua ile alikuwa mtu wa serikali aliyesema kwenye mkutano kwamba watu hawa waondoke. Oktoba 1996 naibu gavana wa Kivu ya Kusini aliwapa juma moja kuhama. Watu wa Lweba walikuwa wameshakufa.

Tarehe 24 Oktoba Uvira ilianguka mikononi mwa AFDL. Sasa Wabembe ndio waliokimbia, mitumbwi imejaa, kuelekea Kigoma. Wengi walikaa Lugufu na Nyarugusu miaka tisa, kumi, na zaidi; meli za kuwarudisha kutoka Kigoma hadi Baraka zilianza Oktoba 2005. Tunawaomba wachungaji walitafakari jambo hili, maana halizungumzwi sana. Kizazi kizima cha Fizi kilijifunza habari za nyumbani kikiwa kambini. Mtoto aliyezaliwa Lugufu aliambiwa na mama yake kwa nini wako pale, na mama alisema kweli: tulifukuzwa, baba yako aliuawa, nyumba ilichomwa. Habari ya Lweba ya Septemba haikuwa na mtu wa kuisimulia kambini, kwa sababu wenye kuisimulia walikuwa wamekufa au wamekimbilia kwingine. Nao watoto wa waliopona Lweba walikulia Rwanda, Burundi, Nairobi, baadaye Marekani, wakiambiwa upande wao, na juu yake ikaongezwa Gatumba ya 13 Agosti 2004, ambapo zaidi ya wakimbizi 150 waliuawa usiku, wengi wao Banyamulenge. Leo vijana hao wote wana simu. Wanatumiana picha za maiti, kila upande za kwake, na hakuna anayedanganya. Kila mmoja ana nusu ya kweli.

Ndiyo maana tunaona hatari, na nafasi pia, katika sheria ya 26 Desemba 2022. Sheria hiyo iliweka tarehe 2 Agosti kuwa siku ya kitaifa ya kukumbuka waathirika, siku inayoitwa GENOCOST, na ikaunda FONAREV, mfuko wa kuwatambua waathirika na kuwalipa fidia. Mfuko huo unapewa sehemu ya mrabaha wa madini, asilimia 11. Kwa mara ya kwanza tangu tuanze kufa, kuna fedha zenye jina letu. Kwa hiyo kutakuwa na orodha.

Orodha ni neno zito Kivu. Tunazijua orodha za chakula, ambapo chifu anaandika shemeji zake. Tunazijua pia zile za kuwasaka watu. Fidia ikifika pwani ya ziwa, maswali yatakuwa mepesi kuyauliza na magumu kuyajibu. Mwathirika ni nani? Mama wa Makobola anastahili, hakuna anayebisha. Je, mtoto wa aliyeuawa Lweba, ambaye leo anaishi Minembwe au Nyarugusu na hathubutu kukanyaga Baraka, ataandikwa na nani, kwenye ofisi gani? Vijiji vya Itombwe na Bijombo vilivyochomwa tangu 2017, na pande zote zimechoma, vitahesabiwa kwa mkono wa nani? Nchi ikiwalipa wafu wa upande mmoja peke yao, fidia itakuwa silaha nyingine mkononi mwa watu.

Burundi wametangulia na tunaweza kuwatazama. Tume yao ya ukweli iliundwa 2014 na ikafukua makaburi mengi, hasa ya 1972, wakati Wahutu walipouawa kwa maelfu. Mifupa ile ilistahili kutoka. Lakini Warundi wengi walilalamika kwamba makaburi ya 1993 hayakufukuliwa kwa bidii ile ile, na jambo la kuponya likawa jambo la chama.

Sisi wenyewe tulikuwa na tume. Baada ya mapatano ya Sun City, Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Kongo iliongozwa na mtu wetu, Askofu Jean-Luc Kuye Ndondo wa Mulemera, wa Kanisa la Kristo katika Kongo hapa Kivu ya Kusini. Watu walitumaini sana. Lakini viti vya tume viligawanywa kwa vikundi vile vile vilivyopigana, na mtu aliyetumwa na kikundi chake hawezi kuuliza kikundi chake kilifanya nini. Tume ilimaliza muda wake bila uchunguzi wa maana wa mauaji ya vijijini. Hatumlaumu askofu. Tunasema tu kwamba kanzu mbele ya meza haitoshi ikiwa meza yenyewe imepangwa na wenye bunduki.

Kinyume chake, Februari 2011 mahakama ya kijeshi ya kuzunguka ilikaa Baraka. Mwezi mmoja na nusu kabla, tarehe 1 Januari, wanawake wengi walikuwa wamebakwa Fizi mjini na askari wa jeshi letu. Wanawake walisimama wakasema, wengine wakiwa wamefunikwa uso, na Luteni Kanali Kibibi Mutware akahukumiwa miaka 20. Mambo mengi ya kesi ile yalibaki nusu. Lakini ilikuwa hapa, mbele ya watu, na walioumizwa walisikilizwa kwanza. Hilo linawezekana Fizi, tumeliona.

Sasa, kanisa. Banyamulenge wengi ni Waprotestanti. Jumuiya zilizowabatiza ndizo zilizowabatiza Wabembe: Wamethodisti Huru, CELPA, CEPAC na nyingine. Maana yake ni kwamba waliouawa Lweba na baadhi ya waliowaua inawezekana waliandikwa kwenye daftari moja la ubatizo, wakaimba kwaya moja. Hilo linauma kuliandika. Lakini humo humo kuna kitu ambacho Umoja wa Mataifa hauna. Ripoti ya Mapping ina namba, 152. Madaftari ya parokia, pale yaliposalimika moto na panya, yana majina, majina ya wazazi, na tarehe za ndoa. Mama mzee wa idara ya wanawake bado anakumbuka nani alikuwa anakaa karibu na nani kanisani. Mtu akibaki namba, mwanasiasa atambeba apendavyo. Akiwa na jina, na jina la mama yake, anakuwa mzito kubebwa.

Tunasikia kipingamizi, na ni cha haki. Ndugu wanasema: sasa si wakati. Goma ilianguka Januari 2025, Bukavu Februari, M23 wakaingia Uvira Desemba ile na kuondoka Januari 2026. Watu wetu wamelala njiani, Wazalendo wako kila kona, na kiongozi wa waasi anawataja Banyamulenge waliouawa kila anapotaka kuhalalisha vita vyake. Mchungaji akisoma majina ya Lweba kwenye ibada, kesho ataitwa msaliti. Inaweza kuwa zaidi ya kuitwa.

Kipingamizi hiki hatukipuuzi, na hatumwambii mchungaji yeyote ajitoe kuuawa. Lakini tuangalie kinafanya nini. Ikiwa wafu wa Lweba wanatajwa na waasi peke yao, basi sisi tumewakabidhi kwa waasi. Yule kijana Munyamulenge anayesikia kwamba hakuna mtu Baraka anayewalilia ndugu zake anaambiwa na nani kwamba uongo ni uongo? Na upande wa pili ni hivyo hivyo. Mama wa Makobola akiona kwamba makanisa ya Banyamulenge hayataji 30 Desemba, mwenye bunduki anayemwahidi kisasi ndiye pekee anayeonekana kumkumbuka.

Katika 2 Samweli 21 kuna habari ambayo hatuihubiri mara nyingi. Njaa ilipiga nchi miaka mitatu wakati wa Daudi kwa sababu ya Wagibeoni waliouawa na Sauli. Mfalme mwingine, kosa la mfalme aliyetangulia, njaa ya watu wote. Wagibeoni wakaombwa waseme wanataka nini, nao wakataka wana saba wa nyumba ya Sauli. Wakatundikwa. Rispa, mama wa wawili kati yao, akatandika gunia juu ya mwamba, akakaa hapo tangu mwanzo wa mavuno hadi mvua iliponyesha, akifukuza ndege mchana na wanyama usiku. Hakuwalinda wanawe wawili tu, aliilinda miili yote saba. Daudi aliposikia, alikwenda kukusanya mifupa ya Sauli na Yonathani, na ya wale waliotundikwa, ikazikwa. Tuangalie mpangilio wa maandiko. Haisemwi kwamba Mungu aliiombea radhi nchi pale saba walipotundikwa. Inasemwa kwamba alikubali maombi kwa ajili ya nchi baada ya mazishi. Wengine wanasoma tofauti, lakini sisi tunaona kisasi kilitekelezwa na hakikutosha. Kilichobaki kilikuwa mama na mifupa.

Kwa hiyo tunapendekeza jambo dogo, ambalo parokia inaweza kulifanya bila kungoja Kinshasa. Parokia zenye madaftari ya kabla ya 1996 ziyafungue na kunakili majina ya waliokuwa Lweba, nakala moja ibaki mahali salama nje ya Fizi, isizunguke kwenye simu. Parokia za Makobola zifanye vile vile kwa wafu wao. Waulizwe wazee pia kuhusu waliowaficha jirani, maana hao nao wanazeeka bila kutajwa. Wawakilishi wa FONAREV wakifika, wakute majina ya pande zote yamewekwa na watu wasio na mgawo katika fedha. Na kwenye ibada ya 29 Septemba na ya 30 Desemba yatumike maombi yale yale, neno kwa neno, ili asiwepo wa kusema kwamba huku tulilia na kule tulitaja tu.

Mahali pasipo na usalama wa kusoma majina kwa sauti, yasisomwe. Kimya cha dakika chache, kengele, kisha sala. Hata hivyo kuna shida ambayo hatuna dawa yake bado. Ni desturi yetu kwamba kwenye kilio mwenye msiba ndiye anayekaa mbele, na majirani wanakuja kumpa mkono. Lweba, tarehe 29 Septemba, wengi wa wenye msiba hawataweza kufika. Viti vya mbele vitakuwa vitupu, na majirani watakuwa wamekuja.